Zitakaa siku ngapi?

Kuna kipimo kimoja cha maabara ambacho sijapata kuona jani likakianguka. Mwarobaini hufaulu, mlonge hufaulu, majani ya chai hupita kwa alama za juu, na nina hakika hata kahawa tungu ya Mji wa Kale wa Mombasa, ile ya kwenye dele, ingefaulu yenye tangawizi na isiyo na tangawizi. Mtihani ambao kila mtahiniwa anaupita unamwambia mwalimu nini?

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu ya karatasi niliyoonyeshwa na mama mmoja anayekaanga kachri za muhogo, vile vipande vyembamba vikavu, na kuziuza upande wa Mama Ngina, pale watu wanapopunga upepo jioni. Alikuwa amejiwa na kijana mwenye kopo la unga, dondoo la majani ya rosemari, akaambiwa kwamba akitia kidogo tu kwenye mafuta kachri hazitavunda. Kijana hakuwa tapeli. Kopo lilikuwa na lebo, na lebo ilikuwa na nambari E392, ambayo kweli ndiyo nambari ya dondoo la rosemari linaloruhusiwa kwenye chakula kule Ulaya. Akamwachia na karatasi ya matokeo ya maabara: jina la mmea juu, jedwali katikati, na chini asilimia tisini na kitu kwa wino uliokolezwa.

"Asilimia ya nini hii, mwanangu?" mama akaniuliza. Kabla sijafungua mdomo akaongeza lililokuwa likimkera zaidi: "Na nikiutia, kachri zangu zitakaa siku ngapi?"

Niliwahi kufanya kazi ya kupima mafuta, kwa hiyo swali la kwanza nililijibu palepale. La pili lilinishinda. Lilikuwa limemshinda kijana pia. Karatasi yenyewe, na jedwali lake lote, haikuwa imeulizwa kabisa.

Asilimia ile ilikuwa ya rangi ya zambarau. Kipimo kinaitwa DPPH, na Blois alikieleza mwaka 1958. DPPH ni unga ambao ukiyeyushwa kwenye methanoli hutoa zambarau iliyokoza. Ni radikali huru, maana yake molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake, ila hii ni radikali pole: hutulia chupani ikingoja wa kuipa atomi ya haidrojeni. Ukiidondoshea maji ya majani yenye kemikali ziitwazo fenoli, fenoli huipa atomi hiyo, na zambarau hufifia ikawa manjano. Baada ya nusu saa hivi mashine inasoma rangi iliyobaki kwenye wimbi la nanomita 517. Rangi ikiwa imepungua kwa sehemu tisa katika kumi, unaandika asilimia 90 na kwenda nyumbani. Ni kipimo cha haraka, cha bei nafuu, kisichohitaji mashine kubwa, na sishangai kwamba wanafunzi wa vyuo dunia nzima wanakipenda.

Lakini tazama kisichokuwemo mle chupani. Hamna mafuta. Hamna muhogo, hamna chumvi wala pilipili. Hamna chuma kilichobanduka kwenye karai, hamna jua la saa nane, na siku hazipiti. Fenoli karibu zote zitaifuta zambarau hiyo, na mimea karibu yote ina fenoli. Ndiyo maana kila jani hufaulu. Kinachopimwa ni uwezo wa kutoa haidrojeni ndani ya methanoli. Kutoka hapo hadi "hukinga chakula kisivunde" kuna safari ndefu kuliko foleni ya feri ya Likoni siku ya mkesha wa Idi, na watu wengi huiruka kwa sentensi moja ya mwisho wa makala yao.

Ndugu wa kipimo hiki, ORAC, alipata umaarufu mkubwa zaidi. Alizaliwa mapema miaka ya 1990, na Idara ya Kilimo ya Marekani ikaweka hadharani orodha ndefu ya vyakula na alama zao za ORAC. Haukupita muda kampuni za vyakula na vidonge zikaanza kubandika alama hizo kwenye pakiti kana kwamba ni medali. Mwaka 2012 idara ikaiondoa orodha, ikieleza kwamba alama zile hazina uhusiano na athari ndani ya mwili wa binadamu na kwamba zinatumiwa vibaya. Huko swali lilikuwa la afya, nami hapa nasema habari za kachri, lakini kosa ni la ukoo mmoja: namba iliyozaliwa kwenye chupa imepandishwa cheo ikawa ahadi kuhusu kitu kingine.

Sasa mafuta yanavundaje? Fikiria uvumi wa barazani. Joto, mwanga au chembe ya chuma huinyang'anya molekuli moja ya mafuta atomi ya haidrojeni, nayo ikawa radikali. Radikali hiyo hukamata oksijeni ya hewani, ikamrukia jirani na kumnyang'anya haidrojeni yake. Sasa jirani ndiye radikali, naye anamgeukia wa pili. Uvumi umeanza na mmoja na kabla ya adhuhuri uko mtaa mzima. Antioksidanti ni yule mzee anayeusikia na asiupeleke mbele: hutoa haidrojeni yake, uvumi ukaishia kwake. Lakini wazee wenyewe wana idadi. Wakishamalizika, mafuta ambayo kwa wiki kadhaa yalionekana hayana neno huharibika kwa kasi ya ghafla. Kile kipindi cha kabla ya kasi, ninachokiita muda wa kimya, ndicho hasa tunachotaka kukipima. Antioksidanti nzuri hurefusha kimya hicho. Haikifanyi kiwe cha milele.

Si mafuta yote yana masikio sawa. Asidi ya linoleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya alizeti ya kawaida, ina bondi maradufu mbili, yaani mahali pawili ambapo kaboni zimeshikana mara mbili, na hushambuliwa na oksijeni mara kumi au zaidi kuliko asidi ya oleiki yenye bondi moja. Mafuta ya samaki yana asidi zenye bondi tano na sita, ndiyo maana shombo huja upesi vile. Mafuta ya nazi, kwa upande wake, karibu sehemu tisa katika kumi ni asidi zisizo na bondi maradufu hata moja, na oksijeni huyapita kama mtu asiyejulikana. Mafuta ya simsim yana linoleiki nyingi lakini yanavumilia, kwa sababu yamejaaliwa antioksidanti zake za kuzaliwa nazo, sesamoli na jamii yake. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama unga fulani unakinga mafuta, swali la kumrudishia ni: mafuta gani?

Mazao ya kwanza ya uvumi huu huitwa haidroperoksidi, kwa ufupi peroksidi, nayo hayana harufu. Hili ni muhimu, maana pwani tunaziamini pua zetu. Mama wa kachri hudondoshea mafuta kiganjani, husugua mpaka yapate joto la mwili, kisha hunusa, na nimeona wapimaji wa maabara wakifanya vivyo hivyo. Ila pua hufika hitimani, mazishi yameshapita. Inachonusa ni aldehaidi, vipande vinavyozaliwa haidroperoksidi zinapovunjika. Heksanali kwa mfano hutokana na linoleiki na hunuka majani mabichi, kisha pamoja na wenzake hunuka boksi la kadibodi na mwishowe rangi ya kupakia mlango. Kumbe uharibifu ulianza zamani. Na humo njiani huondoka na vingine: tangu 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, na vitamini hiyo huharibika haraka zaidi ndani ya mafuta yenye peroksidi nyingi.

Peroksidi zenyewe hupimwa kwa njia ya zamani ninayoipenda hadi leo. Unayeyusha mafuta kwenye asidi ya asetiki na kiyeyushi, unatia potasiamu aidaidi, na peroksidi huikomboa iodini yenye rangi ya kahawia. Unaongeza wanga, mchanganyiko unakuwa wa samawati iliyokaribia weusi, halafu unadondosha thaiosalfeti tone kwa tone mpaka rangi itoweke. Wanga ni wanga; hata wa muhogo ungegeuka samawati. Viwango vya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, huruhusu hadi miliekwivalenti 10 za oksijeni kwa kilo kwa mafuta yaliyosafishwa, na 15 kwa yale yaliyokamuliwa bila kusafishwa.

Namba hii nayo ina hila yake. Peroksidi hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, kwa kuwa zinavunjika upesi kuliko zinavyozaliwa. Mafuta yenye peroksidi 3 yanaweza kuwa yametoka kiwandani juzi au yakawa mazee kiasi kwamba peroksidi zimeshakuwa aldehaidi. Ukipima mara moja tu hujui uko upande gani wa kilima. Ndiyo sababu wenye kazi hii hupima na aldehaidi pia, kwa kipimo cha anisidini, kisha wakazidisha peroksidi kwa mbili na kujumlisha; jumla hiyo huitwa Totox. Mtu akikuletea namba moja ya peroksidi ya siku moja kuthibitisha kwamba antioksidanti yake imefanya kazi, muombe mstari wote. Naye akikuambia mstari wote hakuupima, mshukuru na umpe kahawa.

Wenye viwanda hawawezi kungoja miezi, na katika hilo nina huruma nao. Wana mashine inayoitwa Rancimat. Unatia karibu gramu 3 za mafuta kwenye mrija, unapasha joto hadi nyuzi 110 hivi, unapuliza hewa bila kukoma. Mafuta yanapoharibika hutoa asidi nyepesi zinazobebwa na hewa hadi kwenye maji safi, na maji hayo huanza kupitisha umeme. Siku za sokoni zinakuwa saa za maabara: mafuta bila antioksidanti yamevumilia saa 6, yenye antioksidanti saa 10, basi tumejua mshindi.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu kosa la Rancimat ni la heshima zaidi kuliko la DPPH na ni rahisi kulimeza. Mle ndani mna mafuta ya kweli, oksijeni ya kweli, muda wa kimya wa kweli. Kilichobaki ni kuzigeuza saa za nyuzi 110 kuwa siku za Mombasa. Watu hutumia kanuni ya kidole gumba kwamba kasi huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Kutoka nyuzi 30 hadi 110 ni hatua nane. Mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara nane ni 256. Saa 10 zinakuwa saa 2,560, yaani siku 107 hivi. Inapendeza. Lakini kasi ikiwa inaongezeka mara 2.2 badala ya 2, tofauti ambayo hakuna atakayeigombania kwa hatua moja, hatua nane zinatoa mara 549 hivi, na saa zilezile 10 zinakuwa siku 229. Kwa kosa dogo hivyo umemuongezea muuzaji miezi minne. Aipeleke lebo hiyo kwa mteja mwenye pua.

Na hesabu ndiyo shida ndogo. Kwenye nyuzi 110 mafuta hayafanyi jambo lilelile kwa haraka. Yanafanya jambo jingine. Peroksidi huvunjika karibu papo hapo badala ya kujilimbikiza. Oksijeni huyeyuka kidogo zaidi kwenye mafuta ya moto. Antioksidanti nyepesi za kutengenezwa kiwandani kama BHA na BHT hupeperushwa na hewa ile inayopulizwa, zikaonekana dhaifu kuliko zilivyo kwenye chupa ya rafuni. Na mwanga haumo. Kwangu mimi Rancimat ni mashine ya kuchuja: inafaa kukuambia ipi usihangaike nayo. Idadi ya siku usiiulize. Ipo njia ya katikati, ya kuweka mafuta kwenye tanuri la nyuzi 60 kwa siku au wiki kadhaa na kuyapima mara kwa mara. Ni ya polepole, haina fahari, na ningeiamini kabla ya hizo nyingine mbili.

Nikumbushe kisa kimoja cha moshi. Karai ikipitiliza moto, ule moshi unaochoma macho na koo una akrolini ndani yake. Akrolini hiyohiyo Wafaransa waliitumia kama gesi ya kutoa machozi katika Vita Kuu ya Kwanza, na iliwasumbua kwa sababu ilikuwa ikiharibika kwenye makopo kabla ya kufika vitani. Charles Moureu na Charles Dufraisse wakagundua kwamba chembe ndogo ya haidrokwinoni na fenoli za jamii yake huituliza. Kutoka hapo wakaona kwamba vitu hivyo huzuia oksijeni kula vitu vingi, mafuta yakiwemo, na utafiti wa antioksidanti ukapata mguu wa kusimamia. Mjukuu wa haidrokwinoni ile anaitwa TBHQ, yumo kwenye mafuta mengi na vitafunio vya pakiti, na Marekani humwekea kikomo cha miligramu 200 kwa kilo ya mafuta. Kila ninapopita karai linalofuka moshi nawaza kwamba tatizo na dawa yake vilizaliwa nyumba moja.

Turudi jikoni, kwenye tui. Tui ni matone madogo ya mafuta yanayoogelea majini, ilhali mafuta ya kukaangia ni mafuta matupu. Antioksidanti moja inaweza kuwa shujaa huku na mzigo kule. Porter, mtafiti wa Marekani, alieleza jambo hili, nalo likaitwa kitendawili cha kupenda maji. Kwenye mafuta matupu, zinazopenda maji mara nyingi hufanya vizuri zaidi, kwa kuwa hukusanyika pale kwenye vijitone vidogo vya unyevu ambako ndiko uharibifu unakoanzia. Kwenye tui au mayonezi, zinazopenda mafuta ndizo hushinda, maana zenyewe hubaki kwenye ngozi ya tone, na zile zinazopenda maji huondoka zikaenda kuogelea. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kitendawili hiki kina vighairi vingi. Nami naona vighairi hivyo vinaipa nguvu hoja yangu: hata kanuni nzuri haikuondolei wajibu wa kujaribu ndani ya chakula chenyewe.

Chukua mwiku wa nyama. Nyama iliyopikwa jana ikapashwa moto leo ina ladha fulani ya kuchosha ambayo kila mtu anaijua. Tims na Watts waliiandikia mwaka 1958, na chanzo chake ni oksijeni: kupika hukibandua chuma kutoka kwenye rangi nyekundu ya nyama, chuma hicho kikakoleza uharibifu wa mafuta yaliyomo kwenye kuta za seli, kazi ikaisha kwa usiku mmoja au miwili hata ndani ya friji. Humo vitamini C kidogo, bingwa wa vipimo vya rangi, inaweza kugeuka kuwa kuwadi: hukirudisha chuma kwenye hali yake kali, kikafanya kazi tena. Karafuu ina yujenoli, nayo hupunguza ladha ile kwenye nyama iliyopikwa. Mwenye kula pilau ya jana amewahi kulionja hilo, ingawa sidai kwamba aliyeweka karafuu wa kwanza alikuwa akifikiria radikali.

Kwenye nyama na samaki, kipimo kinachotumika sana ni cha TBA. Malondaialdehaidi, kipande kimojawapo cha mafuta yaliyoharibika, huungana na asidi ya thaiobabituriki na kutoa rangi ya waridi inayosomwa kwenye nanomita 532. Kwa nyama ya usiku mmoja ni kipimo cha maana. Kwa ng'onda aliyekaa Marikiti wiki sita, tahadhari. Malondaialdehaidi haikai bure. Hujishika na protini za samaki, ikawa haipimiki tena. Ng'onda ameshakuwa manjano ya kutu, ananuka hadi mtaa wa pili, na karatasi inasema yuko salama kuliko alivyokuwa mwezi jana.

Halafu kuna mafuta yetu ya nazi, yanayozidhalilisha mashine zote. Ukiyapeleka Rancimat hukaa saa nyingi mno, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Lakini kila nyumba ya pwani inajua kwamba mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe, yakiwa hayakuiva mpaka maji yakaisha, huvunda. Harufu hiyo mara nyingi haitokani na oksijeni hata kidogo. Maji, vimeng'enya na ukungu huvunja mafuta, asidi ya lauriki ikatoka huru ikiwa na ladha ya sabuni, na ukungu ukaongeza harufu zake. Unaweza kutia antioksidanti bora kuliko zote duniani na usibadilishe kitu. Dawa ni kuyapika mpaka mashapo yaache kutoa povu. Mtu anayeuza antioksidanti kwa wenye mafuta ya nazi anauza mwavuli kwa mtu ambaye nyumba yake inavuja kutoka chini.

Na kachri? Kachri ni karatasi ya muhogo iliyopakwa mafuta pande zote mbili. Mafuta ambayo chupani yana dirisha dogo tu la kugusana na hewa, hapa yametandazwa kama kanga juani, na oksijeni inayafikia kila mahali. Pakiti ni ya nailoni inayoonyesha, inaning'inia kibandani mchana kutwa. Na umri wa mafuta hayo haukuanzia kwenye pakiti. Ulianzia kwenye karai, kwenye joto la nyuzi 170 na kitu, huku mvuke wa muhogo ukiondoka na sehemu ya antioksidanti. Kabla ya hapo ulianzia dukani, maana mama huyu, akiishiwa katikati ya wiki, huongezea mafuta ya kupima.

Mafuta ya kupima yanastahili makala yake. Hutoka kwenye mtungi wa lita 20, huingia kwenye chupa angavu iliyokuwa na kitu kingine, hupangwa kwenye dirisha la duka ili mteja aone usafi wake. Chupa haina tarehe. Ikifika nusu, nusu nyingine ni hewa. Usafi huo unaoonekana ni mwanga unaopenya, na mwanga ni mmojawapo wa waanzisha uvumi wakubwa. Mchawi gani wa maabara aliyewahi kujaribu antioksidanti yake ndani ya chupa kama hiyo, kwenye dirisha la Kisauni, mwezi wa pili? Akitokea, nitamsomea kurasa zote.

Ndipo nikamwambia mama tuache karatasi tufanye wenyewe. Hatukuhitaji zambarau. Tulinunua mafuta mapya ya chupa iliyofungwa, tukayagawa mara mbili, upande mmoja unga wa kijana kwa kipimo cha lebo yake, upande mwingine mtupu. Muhogo wa shamba moja, siku moja, karai moja lililooshwa katikati. Kila upande tukautia kwenye pakiti zilezile anazotumia, nusu zikaning'inizwa kibandani, nusu zikatiwa kwenye mkebe wa biskuti wenye kifuniko. Makundi manne, kila moja na herufi ambayo mama peke yake anajua maana yake, maana mimi nina upande wangu na ningejidanganya.

Kila siku ya tatu anakaanga chache mpya za kulinganishia na zilizowekwa, na watu watatu wa mabenchi ya baharini, walioelezwa kinachofanyika, wanapewa vikombe vitatu: viwili vya aina moja, kimoja tofauti. Wanaulizwa kipi si mwenzao. Anayebahatisha atapatia mara moja katika tatu, kwa hivyo tunarudia mara kadhaa jioni hiyohiyo kabla ya kuamini. Ni kipimo cha zamani katika fani hii na kinahitaji vikombe na subira tu. Kina aibu zake: watu watatu ni wachache, pilipili huficha mengi, na mmoja wao anapenda kachri mno hata akila zilizovunda husifu. Sina namba ya peroksidi, na ningetamani kuwa nayo. Kwa mwenye maabara Tudor au Changamwe aliye na saa moja ya jioni, mlango wa kibanda uko wazi.

Siku ya sita hakuna aliyetofautisha chochote. Siku ya tisa zile za kibandani zilikamatwa zote mbili, zenye unga na zisizo nao, ingawa zenye unga zilikamatwa kwa kusitasita. Za mkebeni, hata zile tupu, hakuna aliyezijua. Kesho ni siku ya kumi na mbili.

Kijana alipita jana na kopo jipya. Alimwamkia mama vizuri, akanunua kachri za shilingi ishirini, akafungiwa kwenye karatasi, kisha akaulizia ile karatasi yake, kwamba ndiyo nakala iliyobaki na kuna mteja Nyali anataka kuiona.

"Karatasi yako, baba," mama akamwambia, "hiyo uliyoshika mkononi."